Mbwa Mkali: Mkosaji au Mgonjwa?

Katika mitaa ya Engutoto jijini Arusha, na mashambani kwenye miteremko ya Mlima Meru, mbwa hufugwa hasa kwa ulinzi. Baadhi yao hufungwa mnyororo kutwa nzima, wakafunguliwa usiku. Siku mmoja wao amwumapo mtoto wa nyumbani, hukumu hutolewa upesi: auawe. Daktari wa mifugo huanza kwa swali: je, mbwa huyu ni mgonjwa?

Jambo la kwanza kuchunguzwa ni kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huo huingia jerahani, hufuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni, kisha hutokea katika mate. Mbwa mpole huweza kugeuka mkali. Mkali naye huweza kunyong’onyea na kujificha. Aliyeumwa na mbwa hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja apate chanjo, kwani dalili zikishatokea ni vigumu mno kumwokoa. Mbwa mwenyewe, akionekana mzima, hutengwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku ile alipouma.

Jambo la pili ni maumivu. Jino bovu, sikio lenye usaha au kiungo kilichovimba humfanya mnyama aume kila aguswapo. Hapo tiba ya mwili ndiyo tiba ya tabia.

Jambo la tatu ni woga. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa huunganisha ishara na tukio linaloifuata. Mbwa apigwaye kila mtoto apitapo hujifunza kwamba mtoto ni dalili ya fimbo. Daktari hulipindua somo hilo: mtoto huonekana kwa mbali, akiwa na mkubwa wake, na mbwa hupewa chakula, umbali hupunguzwa kidogo kidogo, siku baada ya siku. Dawa za kutuliza woga zipo, lakini huenda sambamba na mafunzo.

Kinga huanza mapema. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa huwazoea watu kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Anayemlea kwa upole katika siku hizo, akampatia na chanjo kwa wakati wake, humlinda mbwa na mtoto pia.