Matela Mawili Nyuma ya Gari Moja

Tangu mwaka 2021 nchi yetu imepatwa mara kwa mara na uhaba wa mafuta, na mtu mwenye mafuta machache hutafuta kila hila ya kuyafikisha mbali. Miongoni mwa hila hizo imo moja ambayo kwa masikio ya mwenye mzigo yaingia kama hekima tupu: ikiwa lori moja laweza kuvuta tela moja, kwa nini lisivute mawili? Injini ni ile ile, dereva ni yule yule, na shehena iliyokuwa iende kwa safari mbili yaenda kwa safari moja. Fundi hodari wa Buyenzi hashindwi kuchomelea ndoano nyuma ya tela la kwanza na mkono wa kuvutia mbele ya la pili. Sisi wa jeshini, ambao kazi yetu haitendeki bila magari na matela, twaona yafaa swali hili lijibiwe kwa utaratibu, kwani ndani yake mna maisha ya watu.

Yapasa kusema mapema kwamba jambo lenyewe si geni wala si la kichaa. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Uingereza yalikuwa na gari dogo la Morris lililovuta vitu viwili kwa mfuatano: kwanza kigari cha risasi, kisha mzinga wenyewe. Mzinga huo haukufika tani mbili. Huko Australia, mwaka 1934, serikali ilianza kutumia katika jangwa la kaskazini lori kubwa la AEC lililovuta matela mawili, na siku hizi misururu ya nchi hiyo huruhusiwa kufika urefu wa mita 53.5. Afrika Kusini nayo huruhusu lori lenye matela mawili, mradi urefu wote usizidi mita 22 na uzito wote usizidi tani 56. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba matela mawili yapo duniani, hatutambishia. Sisi twamuuliza yapo katika barabara ya namna gani.

Hata wale walioandika sheria za kimataifa walilitambua jambo hili. Mkataba wa Barabara uliotiwa sahihi Geneva mwaka 1949 uliweka urefu wa mita 18 kwa gari lenye tela moja na mita 22 kwa gari lenye matela mawili. Lakini papo hapo uliiachia kila nchi haki ya kutangaza kwamba haitakubali gari kuvuta zaidi ya tela moja. Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizotangaza hivyo. Sheria yake humruhusu mwenye lori tela moja tu, na ile mashine ya kuvutia isiyobeba mzigo yenyewe huruhusiwa matela mawili pale tu yote mawili yanapokuwa matupu. Msomaji aliangalie vizuri sharti hilo la utupu, maana waliolitunga walijua kwamba tela la pili lenye mzigo ni jambo jingine kabisa.

Katika eneo letu, ambalo Burundi imo tangu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kipimo kikubwa ni uzito. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2013 yaweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na vyote linavyovuta, juu ya ekseli zisizozidi saba. Ekseli ya usukani haipasi kuzidi tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, na kundi la ekseli tatu tani 24. Hapa ndipo hesabu ya yule mwenye mzigo inapovunjika. Yeye hudhani kwamba tela la pili humwongezea mzigo mara mbili, kumbe kikomo ni kile kile. Chuma, matairi na ekseli za tela la pili hula sehemu ya tani hizo 56 kabla hata gunia moja halijapakiwa. Faida ipo kwa mizigo mikubwa kwa umbo na myepesi kwa uzito, kama magodoro na masanduku ya plastiki. Kwa saruji, chumvi na mabati faida hiyo ni ndogo mno.

Si kila matela mawili ni ya namna moja. Yako yale yaitwayo na madereva wa Dar es Salaam «intalinki», ambayo tela la kwanza lina sahani ya chuma mgongoni mwake, na tela la pili hukaa juu ya sahani hiyo kwa pini yake kuu. Haya yametengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, na viungo vyake ni viwili tu. Namna nyingine ni lori au semitela lililofungiwa nyuma tela jingine kwa mkono wa chuma, na mkono huo hugeuka pande zote. Kila kiungo kinapoongezwa, tela la mwisho hupata uhuru zaidi wa kucheza. Dereva akikwepa shimo kwa kugeuza usukani kidogo tu, mtikiso huo husafiri kuelekea nyuma ukikua, kama mjeledi unavyofanya, hata tela la mwisho likarushwa kando kwa nguvu ifikayo mara mbili ya ile iliyolisukuma lori. Dereva mwenyewe ametulia kitini, hana habari, na huku nyuma tela linalala ubavu.

Sasa twende Bugarama, maana huko ndiko swali hili linapopata jibu lake la kweli. Kila mkazi wa Bujumbura aijua barabara ya RN1, ipandayo kutoka ukingoni mwa ziwa Tanganyika hadi njia panda ya Bugarama, ambako barabara ya Gitega hujitenga na ile ya Kayanza. Kwa mwendo wa yapata kilomita 35 barabara hiyo hupanda zaidi ya mita 1,200, ikipinda kwa kona zisizohesabika. Shehena nyingi iingiayo nchini kutoka bandari ya Dar es Salaam hupitia mpaka wa Kobero, na lori huwa limekwisha safiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kuufikia mteremko huo, dereva amechoka na breki zimechoka. Tena huyo dereva alitoka nchi ambako watu huendesha upande wa kushoto, akaingia kwetu tunakoendesha upande wa kulia. Usukani wake uko ukingoni mwa barabara, na nusu ya pili ya njia, ile wanayotokea wenzake, aiona kwa taabu.

Mwenye kuuliza kama injini itaweza kuyavuta matela mawili huwa ameuliza swali silo. Injini kubwa za leo huweza. Linalopasa kuulizwa ni nini kitakachoyazuia. Tani moja ikishuka mita 1,200 hutoa nguvu ambayo, ikigeuzwa joto, yaweza kuchemsha lita 35 za maji baridi. Lori na matela yake yenye tani 40 kwa jumla hutoa basi joto la kuchemsha mapipa saba ya lita 200 kila moja. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na injini ikiwa dereva yumo katika gia nzito, na sehemu na upepo. Iliyobaki yote huingia katika ngoma za breki. Dereva anayeshuka kwa gia nyepesi huku mguu ukiwa juu ya breki, kwa tamaa ya kuokoa dizeli, huzipikia breki zake mapipa hayo. Ngoma hutanuka, viatu vya breki hupoteza mkamato, na kanyagio huenda chini bila faida.

Katika matela mawili liko na jambo la upepo. Breki za magari haya huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, nayo hewa hiyo yahitaji muda kusafiri katika mipira na kuzijaza breki za tela la mwisho. Kuchelewa kwa nusu sekunde ni kitu kidogo mtu akiwa mezani. Lakini gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata mita 8 katika nusu sekunde hiyo. Kwa muda huo tela la nyuma huwa bado lasukuma wakati la mbele limekwisha kuzuiwa, na msururu ukiwa konani hujikunja kama kisu cha mfukoni. Ikiwa tela la pili lilichomelewa mtaani na halina breki zake kabisa, au mpira wake wa hewa haukuunganishwa, basi husukuma safari nzima.

Tusisahau ni nani walioko pembeni mwa barabara hiyo. Asubuhi na mapema hushuka vijana kwa baiskeli, wamebeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa kwa ajili ya masoko ya jiji. Jioni vijana hao hao hupanda kwa kushika nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye usukani. Twaweza kusema kwamba lori la tela moja lipandalo Bugarama tayari lina matela manne au matano ya nyama na mifupa, ambayo hayamo katika sheria yoyote ya ekseli. Tela la mwisho likicheza kando kwa mita moja tu, hao ndio wa kwanza kuguswa. Na katika kona, magurudumu ya nyuma ya msururu mrefu hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata ndani. Mwendaji kwa miguu aliyeona kichwa cha lori kimempita salama huenda asiwe salama.

Wakazi wa pwani ya ziwa letu wana kumbukumbu ya zamani juu ya uzito na milima. Mwaka 1915 Waingereza, chini ya Spicer-Simson, walizileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, ili kupigana na meli za Wajerumani katika Tanganyika. Kutoka Cape Town zilikuja kwa reli hadi Fungurume huko Katanga; kisha zikavutwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba kwa injini mbili za mvuke zilizosaidiwa na makundi ya ng'ombe, kabla ya kuendelea kwa reli na kwa mto. Walioifanya kazi ile walitambua kwamba kuushusha mzigo mlimani si kazi nyepesi kuliko kuupandisha. Meli ya Kijerumani Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba mwaka huo, na ushindi ule ulianzia kwenye zile kamba na ng'ombe.

Kwa mwenye gari wa hapa Bujumbura mashauri yetu ni haya. Mambo ya barabarani nchini yana kanuni yake. Kabla hajafunga tela la pili na apate ruhusa ya maandishi kwa wenye mamlaka, na bima yake itaje kila tela, maana bima iliyoandikwa kwa tela moja haifai kudhaniwa kuwa ni ya mawili. Kila tela liwe na breki, taa na mnyororo wa usalama ulio kando ya pini. Tela zito litangulie, jepesi lifuate. Na akumbuke kwamba matela mawili yaliyofungwa kwa mkono hayarudishwi nyuma na dereva ye yote wa kawaida: wakati wa masika, mlima unapoporomoka na kuziba njia, jambo lisilo geni katika milima yetu, msururu huo hukaa pale pale na kuwafungia wengine.

Aliyekwisha kufika Bugarama na matela mawili aliyoyaunganisha kwa mkono asishuke nayo. Na atafute uwanja ulio mbali na lami, alifungue la nyuma, aweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu, amwache mlinzi, alishushe la kwanza kwa gia nzito, kisha arudi kulichukua la pili. Hizo ni kilomita 70 za ziada, kwenda na kurudi, na mafuta yake yapasa kuhesabiwa katika bei ya usafirishaji tangu siku mzigo unapopakiwa.