Daktari akiomba kinyama cha pafu la mgonjwa aliye ICU

Mgonjwa anapokaa siku nyingi kwenye mashine ya kupumulia bila nafuu, antibaiotiki zimebadilishwa na vipimo vya makohozi havionyeshi kijidudu, daktari anaweza kuiita familia na kuomba ridhaa ya kuchukua kinyama cha pafu.

Wengi hushtuka. Mtu hawezi hata kupumua mwenyewe, iweje akatwe tena?

Hofu hiyo ina msingi. Mashine husukuma hewa kwa nguvu, hivyo tundu dogo kwenye pafu linaweza kuendelea kuvuja. Hewa ikijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu husinyaa. Ndiyo maana baada ya upasuaji mgonjwa huwekewa bomba kifuani, na wengine hukaa nalo siku kadhaa. Damu pia inaweza kuvuja.

Lakini kusubiri nako kuna hatari yake. Mapafu yanayofanana kwenye picha ya eksirei yanaweza kuwa na magonjwa tofauti: fangasi, kifua kikuu, saratani, makovu, au uvimbe unaotulizwa na dawa za steroidi. Dawa hizo humsaidia mmoja na kumdhuru mwingine, kwa kuwa hushusha kinga ya mwili. Kinyama huonyesha njia.

Mwaka 2007, madaktari wa Marseille, Ufaransa, wakiwamo Laurent Papazian, walichapisha taarifa za wagonjwa 100 wa aina hiyo waliochukuliwa kinyama kwa upasuaji. Kwa wagonjwa 78, majibu yalisaidia kuelekeza matibabu. Wagonjwa 10 walipata madhara yaliyotokana na upasuaji. Hata hivyo, hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, mikononi mwa wataalamu waliozoea kazi hiyo. Na kujua ugonjwa si sawa na kuupona.

Kwa kawaida madaktari huanza na njia nyepesi: picha ya CT scan, kisha kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kwenye njia ya hewa na kusafisha pafu kwa maji ya chumvi ili maji hayo yapimwe. Mpira huo unaweza pia kuchukua kinyama, ila huwa kidogo na mara nyingine hakitoshi kutoa jibu.

Kabla ya kusaini, mzazi au ndugu ana haki ya kuuliza:

• Vipimo vyepesi vimekwisha kufanyika?
• Damu ya mgonjwa inaganda vizuri, na hali yake inahimili upasuaji?
• Majibu yatatoka baada ya siku ngapi?
• Yakitoka, matibabu gani yatabadilika?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kama majibu hayatabadilisha chochote, hakuna sababu ya kumwongezea mgonjwa jeraha. Kama yanaweza kubadilisha dawa, familia ina sababu ya kuifikiria saini hiyo bila kuchelewa.