Skrini Ikiwa Nyeusi, Usikimbilie Kununua Nyingine

Mwezi uliopita nilikwenda Kisii kumzuru shemeji yangu, mwenye saiba ndogo kwenye barabara iendayo Nyamira. Nilimkuta ameshika tama. Kompyuta inanguruma, skrini nyeusi, na vijana wako mlangoni wakitaka kuomba mkopo wa HELB. Fundi alishamwambia skrini imekufa, atafute nyingine.

Kompyuta yenyewe ni ya Windows 7, kama zilivyo nyingi za mitumba huko bara na hapa kwetu Pwani. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo mwenye nayo hana budi kujua mambo machache.

Kwanza, waya. Ule wa VGA una pini 15. Uchomoe, tazama kama kuna pini iliyopinda, uurudishe na kukaza skrubu zake.

Pili, washa na utazame sekunde za mwanzo. Ukiona nembo ya kampuni iliyounda kompyuta kisha giza, skrini na waya ni vizima. Kasoro iko kwenye programu. Usipoona chochote, jaribu skrini nyingine. Giza likibaki, chomoa umeme, toa RAM, ipanguse na uirudishe vizuri.

Tatu, kama nembo ilionekana, zima, washa tena, na ubonyeze F8 mfululizo kabla Windows haijaanza. Katika orodha itakayotokea, chagua mstari unaotaja 640x480. Picha itarudi, herufi zikiwa kubwa kubwa. Hapo weka ukubwa wa picha ambao skrini yako inaumudu, kisha uwashe upya.

Giza likirudi, shuku draiva. Ingia tena kwa F8, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, utafute kadi ya picha. Ikiwa imeandikwa Standard VGA, draiva yake haipo. Ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyounda kompyuta, si popote utakapoikuta.

Kumbe shemeji alikuwa amebadilisha skrini, akaweka kuukuu isiyomudu ukubwa wa picha wa ile ya awali. Hatua ya tatu ilimaliza kazi.

Nilimuusia jambo moja: milima ya Kisii na Nyamira ina radi nyingi, basi wingu likifunga achomoe umeme na waya wa intaneti, na faili za watu aziweke pia kwenye flashi.

Pesa ya skrini ilibaki mfukoni, na vijana walituma maombi yao kabla ya Magharibi.