Ngege Aliyefundishwa Kuogelea

"Mjomba, samaki wa kwenye kompyuta anajuaje kuogelea?"

Umeuliza vizuri, mwanangu. Umeuliza vizuri sana! Wapo watu wazima wanaocheza michezo ya kompyuta kila siku, na swali hilo halijawahi kuwapitia kichwani. Sogea hapa. Wenzako nao wasogee.

Jibu ni hili: hajui. Samaki wa kwenye kompyuta hajui kuogelea. Hajui maji ni nini. Hajui kama ana mkia. Kila anachokifanya, kuna mtu aliyemwambia akifanye. Na mtu huyo anaweza kuwa mtoto wa Kisumu.

Basi sikilizeni. Hadithi hii nimeitunga mwenyewe, lakini ziwa lililomo ni ziwa letu lile lile, na mambo yake ni ya kweli.

Palikuwa na msichana mmoja aliyeishi karibu na ufuo wa Dunga, yeye na ndugu yake mdogo. Ijumaa moja jioni mwalimu wao alifungua chumba cha kompyuta akawaambia wanafunzi: "Leo tunaanza kuunda michezo. Jumapili jioni nataka kuiona imekwisha."

"Siku mbili tu, mjomba?"

Siku mbili tu. Na si mwalimu yule aliyeianzisha desturi hiyo. Kuna mkutano unaoitwa Global Game Jam. Ulifanyika mara ya kwanza mwezi wa Januari 2009, na tangu hapo kila mwaka watu wa nchi nyingi hukusanyika, hugawanyika katika vikundi vidogo, huunda michezo kwa muda mfupi. Kwa miaka mingi muda huo ulikuwa saa 48. Mada hufichwa mpaka saa ya kuanza, ili asiwepo anayewatangulia wenzake. Mwaka 2013 mada haikuwa hata neno. Ilikuwa sauti ya moyo unaodunda! Mwaka 2019 watu waliulizwa nyumbani kuna maana gani kwao. Na mwaka 2023 mada ilikuwa mizizi.

Mwalimu aliipenda hiyo ya mwisho. Akaiandika ubaoni: MIZIZI.

"Tuchore mwembe," akasema ndugu mdogo.

Msichana hakujibu. Alikuwa anatazama dirishani. Kule chini ziwani, Ghuba ya Winam ilikuwa imefunikwa na gugumaji, na mashua mbili zilikuwa zimekwama katikati.

"Gugumaji lina mizizi," akasema. "Lakini mizizi yake haishiki udongo."

Aha! Mnaona? Huyo alikuwa ameshaupata mchezo wake, ila hakujua bado. Mwembe umesimama pale pale tangu babu hajaoa. Gugumaji halisimami. Mizizi yake inaning'inia majini, na upepo ukilisukuma, linakwenda. Asili yake ni Amerika Kusini. Kwenye ziwa letu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu siku hizo wavuvi hawajapumua.

Wakaiwasha kompyuta. Wakafungua programu inayoitwa Scratch. Programu hiyo ilitolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani kwa ajili ya watoto. Ni ya bure. Humo ndani huandiki maneno marefu. Unachukua vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na kila kipande ni amri moja. Msichana akachora samaki. Mwili mviringo, mkia mfupi, jicho moja.

Yule samaki akafumbua jicho. "Mimi ni nani?" akauliza.

"Wewe ni Ngege."

"Hapa ni wapi?"

"Ziwani."

"Ziwa ni nini?"

Ndugu mdogo akacheka mpaka akashika tumbo. Samaki asiyejua ziwa! Lakini msichana hakucheka. Alikumbuka alichosema mwalimu: kompyuta haijui. Iambie.

Basi wakaanza kuiambia. Mtu akibonyeza mshale wa kulia, Ngege aende kulia. Akibonyeza wa kushoto, aende kushoto. Wa juu, apande. Wa chini, ashuke. Wakabonyeza mshale wa juu. Ngege akapanda. Akapanda. Akatoka majini, akapita mawinguni, akakwama pembeni ya jua.

"Nimefika wapi huku?" Ngege akalia. "Mbona hamkuniambia maji yanaishia wapi?"

Kweli, hawakumwambia. Kwetu sisi jambo hilo liko wazi mno hata hatulisemi. Nani amewahi kumwambia mtoto kwamba samaki hapai? Lakini kompyuta haijui. Iambie. Wakaweka amri moja zaidi: Ngege akifika uso wa maji, asipite. Ngege akarudi chini, akashusha pumzi.

"Mjomba, kompyuta inajuaje kwamba Ngege amefika juu? Inamtazama?"

Inamtazama, ndiyo! Swali zuri hilo. Umemwona nyanya akisonga ugali? Anatazama sufuria, anasonga, anaonja. Anatazama tena, anasonga tena, anaonja tena. Hasongi mara moja akaenda zake sokoni. Na kompyuta hufanya vivyo hivyo. Inatazama kidole chako kiko wapi. Inapiga hesabu. Inachora picha mpya. Kisha inarudia: inatazama, inapiga hesabu, inachora. Scratch hurudia hivyo mara 30 kwa sekunde moja. Wewe unamwona Ngege anaogelea, kumbe ni picha 30 zilizopangwa mbio mbio, kila moja Ngege amesogea kidogo.

Shikeni hilo la 30, litatusumbua baadaye.

Jumamosi asubuhi palihitajika adui. Ngege akiogelea tu bila hofu, mchezo uko wapi? Wakamchora Mbuta. Mkubwa, mdomo wazi. Nanyi mnamjua mbuta: si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala samaki wengi waliokuwamo. Huweza kupita kilo 100. Ngege wa asili walipungua sana.

"Na mimi nifanye nini?" Mbuta akauliza.

"Mfuate Ngege."

Mbuta akamfuata Ngege. Akammeza kabla ndugu mdogo hajagusa mshale. Wakaanza upya. Akammeza tena. Mbuta hakuwa na kosa lolote, aliambiwa afuate akafuata. Wakampunguzia mwendo. Bado hakukuwa na mahali pa kukimbilia.

Hapo ndipo msichana alipofanya jambo ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii. Aliiacha kompyuta ikiwa imewashwa, akashuka Dunga kuuliza.

Akamkuta mvuvi mzee anashona wavu. Akamwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia, akamwonyesha mahali pa kukaa.

"Babu, samaki mdogo akifukuzwa na mbuta anajificha wapi?"

"Chini ya gugumaji," mzee akasema. "Katikati ya mizizi. Mbuta haingii huko."

"Kwa nini?"

"Hewa ni kidogo. Mbuta anataka maji yenye hewa nyingi. Ngege anavumilia kidogo. Lakini naye akikaa sana, atachoka."

"Na gugumaji lenyewe, babu, linakwenda wapi?"

"Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unalipeleka ziwani. Alasiri upepo unageuka, unalirudisha Kisumu. Sisi wenye tanga tunatoka na ule wa asubuhi, tunarudi na ule wa alasiri."

Yule mzee alikuwa na kweli. Mnajua kwa nini upepo hugeuka? Jua likiwaka, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza pengo. Huo ndio upepo wa alasiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi, ziwa linabaki na joto lake. Sasa mambo yanageuka: hewa ya ziwani hupanda, na hewa ya nchi kavu huenda kujaza pengo. Huo ndio upepo wa asubuhi.

Msichana akarudi mbio. Alikuwa na mchezo mzima kichwani, na haukutoka kwenye kompyuta. Ulitoka kwa mtu mwenye wavu mapajani.

Wakaandika sheria tatu. Ngege akiwa chini ya mizizi, Mbuta haingii. Ngege akiwa chini ya mizizi, hewa yake inapungua, na akitoka, inarudi. Gugumaji linakwenda kushoto asubuhi, linarudi kulia alasiri. Basi. Ngege lazima ajifiche, lakini asikawie, na maficho yenyewe hayatulii.

Hewa wakaipa namba 100. Kila mzunguko Ngege akiwa mafichoni, punguza 1. Wakajaribu. Ngege akaingia chini ya mizizi, mara akageuza tumbo juu!

"Mmeniua!" akasema Ngege. "Sijakaa hata kidogo!"

"Mjomba, kwa nini alikufa?"

Nani anakumbuka ile namba niliyosema mshike? Thelathini! Vizuri sana. Kompyuta hurudia mara 30 kwa sekunde. Kila mara inapunguza 1. Gawa 100 kwa 30. Ngege alikuwa na sekunde tatu na kidogo tu. Wakabadilisha: kila mzunguko ipunguzwe 0.2. Sasa hewa ilitosha mizunguko 500, nayo ni karibu sekunde 17. Ngege akapona. Hesabu ya kugawa, wanangu, iliokoa maisha ya samaki.

Jumamosi jioni ndugu mdogo alitaka kiboko. Alitaka pia mashua, taa za wavuvi wa omena, bandari yenye meli. Yote ni mazuri. Mimi kiboko ningempenda sana. Lakini kila kitu unachoongeza ni kitu ambacho kompyuta haikijui, na lazima uiambie: kiboko anakwenda wapi, akimgusa Ngege kunatokea nini, akikutana na Mbuta je? Wakakadiria saa zilizobaki. Kiboko akaandikwa kwenye daftari asubiri siku nyingine, na mimi naona walifanya vyema. Wengi hushindwa hapo. Jumapili jioni wana kiboko, wana meli, wana bandari, na hakuna kinachochezeka.

Usiku huo stima ikapotea. Msiogope, msichana alikuwa ameihifadhi kazi dakika chache kabla. Hifadhini kazi zenu. Sina la kueleza hapo. Hifadhini tu.

Jumapili wakamwita mtoto wa jirani aje acheze. Mwalimu akawapa amri moja ngumu: "Nyamazeni." Wasimwelekeze wala wasimwonyeshe kwa kidole. Mtoto akacheza. Akaliwa na Mbuta. Akacheza tena, akaliwa tena. Hakuwahi kuingia chini ya mizizi hata mara moja, kwa sababu hakuna kitu kilichomwambia kwamba pale ni mahali pa kujificha. Wao walijua. Mzee wa Dunga alijua. Mchezaji hakujua. Basi wakamfanya Ngege abadilike rangi awe kijani kila anapoingia mafichoni, na Mbuta ageuke aende zake. Mtoto akaona. "Aaa! Hanifuati huku!" Akacheza mpaka mama yake akamwita mara tatu.

Hiyo ndiyo hadithi ya Ngege.

"Lakini mjomba, watoto wa Kisumu wanaweza kweli? Si hadithi tu?"

Nilikuwa nalingoja swali hilo. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya upili ya Kisumu Girls waliunda programu ya simu. Haikuwa mchezo. Ilikuwa ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa wapate msaada na mahali pa usalama. Waliiita i-Cut, wakajiita The Restorers. Walifundishwa katika LakeHub, kituo cha teknolojia hapa hapa Kisumu. Wakaenda Marekani, California, kwenye fainali za shindano la Technovation. Mwaka 2019 kikundi chao kilikuwa miongoni mwa waliofika mwisho katika kuwania Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Nao walianza kama yule msichana wetu: kuna jambo walilolijua kuhusu watu wao ambalo hakuna kompyuta iliyolijua. Wakaiambia.

Na michezo nayo ipo. Mwaka 2007 kijana Mkenya, Wesley Kirinya, alitoa mchezo wa *The Adventures of Nyangi*, wa msichana anayetafuta vitu vya kale vya Afrika. Hakungoja mtu wa mbali amchoree Nyangi.

Sasa wewe uliyeuliza kuhusu samaki, nina kazi kwako. Scratch ina Kiswahili ndani yake, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi hata bila intaneti. Muombe mwalimu wako aiweke. Lakini kabla ya hapo, wikendi hii shuka ufuoni na mtu mzima, uwaamkie wavuvi, uwaulize omena hufuata nini usiku na kwa nini mbalamwezi huwaharibia kazi. Andika sheria tatu kwenye daftari. Kisha njoo unisomee.

Kiboko bado anasubiri.