Litiamu ya Manono: wanahisa wadogo waliobaki na karatasi mikononi

Mwezi wa Mei 2022, bei ya hisa moja ya kampuni AVZ Minerals ilisimama kwenye senti 78 za dola ya Australia. Toka siku ile hakuna mtu aliyeweza tena kuiuza sokoni. Kampuni haikufilisika, wala mgodi haukuporomoka. Biashara ya hisa zake ilisimamishwa, eti kwa muda, wakati kampuni ikitayarisha tangazo juu ya haki zake za mgodi na umiliki wake. Miaka miwili ikapita. Mei 2024, soko la hisa la Australia likaifuta AVZ kabisa kwenye orodha yake. Ndani yake walibaki maelfu ya wanahisa wadogo, watu wa kawaida walioweka akiba ya nyumbani wakitumaini kwamba ingezaa.

Mali yenyewe waliyoinunua haiko Australia. Iko kwetu, Manono, katika jimbo la Tanganyika, kilomita kama 500 kaskazini mwa Lubumbashi. Ndiyo maana habari hii inatuhusu zaidi ya kurasa za biashara za Perth.

Manono ni mji uliojengwa na bati. Kampuni ya Wabelgiji, Géomines, ilichimba kasiterite pale tangu mwaka wa 1919, na umeme wake ulitoka kwenye maporomoko ya Mpiana-Mwanga, juu ya mto Luvua. Ndani ya miamba ileile mlikuwa na jiwe jingine ambalo wakati ule halikuwa na mnunuzi wa maana: litiamu. Magari ya umeme ndiyo yaliyokuja kulipa jina. Mwaka wa 2017 AVZ ilinunua asilimia 60 ya kampuni Dathcom, iliyokuwa na ruhusa ya kutafuta madini eneo hilo. Sehemu zilizobaki zilikuwa za Cominière, kampuni ya serikali ya Kongo, na za Dathomir, kampuni ya mfanyabiashara wa Kichina. Mwaka wa 2019 AVZ ikatangaza hesabu iliyoshangaza wengi: tani milioni 400 za mwamba, zenye oksidi ya litiamu asilimia 1,65. Wachache duniani wana mgodi kama huo.

Lakini hesabu ya mwamba si feza. AVZ haijawahi kuuza hata gunia moja la litiamu. Kampuni ndogo za utafutaji zinaishi kwa namna hiyo: zinapasua mwamba kwa mashine, zinatangaza matokeo, zinauza hisa mpya ili zilipe mashine za kesho, na zinangoja kampuni kubwa ije kununua. Kwa hiyo mwenye hisa hanunui madini. Ananunua nafasi ya kuwa pale siku mkubwa atakapofika na mfuko wake.

Mkubwa alifika Septemba 2021. Kampuni ya Kichina Suzhou CATH, yenye uhusiano na watengenezaji wa betri CATL, ilikubali kulipa dola za Marekani milioni 240 kwa asilimia 24 ya mradi. AVZ ilisema wakati ule kwamba imekwisha kufikisha asilimia 75, baada ya kununua sehemu ya Dathomir. Ikiuza 24, ingebaki na 51, na usukani ungebaki mikononi mwake. Feza za CATH zingejenga mgodi. Kwa mwanahisa mdogo hesabu ilikuwa tamu. Hisa iliyokuwa chini ya senti 10 mwanzoni mwa 2020 ilipita dola moja Aprili 2022. Mtu aliyeweka dola elfu tano aliamka akijiona na elfu hamsini, kwenye karatasi.

Sasa tusimame kidogo kwenye namba, maana hapo ndipo jambo lote lilipo. CATH ilikuwa tayari kulipa dola milioni 240 kwa asilimia 24, yaani milioni 10 kwa kila asilimia moja. Mwaka uleule wa 2021, Cominière iliuza asilimia 15 za Dathcom kwa Jin Cheng, tawi la kampuni kubwa ya Kichina Zijin, kwa dola milioni 33,4. Gawanya mwenyewe: inatoka kama milioni 2,2 kwa kila asilimia. Mwamba uleule, mwaka uleule, na bei inapungua zaidi ya mara nne pale muuzaji alipo mali ya taifa! Inspection générale des finances, wakaguzi wa feza za serikali, waliikemea biashara hiyo mwaka wa 2022 wakisema sehemu ya umma iliuzwa kwa bei ya kutupa. AVZ, kwa upande wake, ilidai kwamba ni yeye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kununua, na kwamba Zijin haikupata kitu halali. Dathomir nayo ikakana kwamba sehemu yake ilikuwa imeuzwa sawasawa. Kwa hiyo ule mkate ambao CATH iliambiwa itakatiwa kipande, watatu wengine walikuwa wanauvutana bado.

Mapema Mei 2022 AVZ ilitangaza kwamba waziri wa Madini ametia saini amri ya kuipa Dathcom ruhusa ya kuchimba. Watu walishangilia mapema mno. Katika Kongo, saini ya waziri haitoshi mpaka Kadastra ya Migodi, ile tunayoiita CAMI, iandike hati yenyewe. Hati haikuja. Siku chache baadaye hisa zikasimamishwa, na mwanzoni mwa 2023 wizara ikaifuta amri yake. Bila ruhusa ya kuchimba, CATH haikuwa na kitu cha kununua, na zile milioni 240 hazikulipwa. Mwaka huohuo wa 2023 sehemu ya kaskazini ya eneo ikaenda kwa kampuni mpya, Manono Lithium, ambamo Zijin ina sehemu kubwa na Cominière ni mwenzake. Zijin imesema inalenga kuanza kuzalisha mwaka wa 2026. AVZ ikakimbilia wasuluhishi: Paris, kwenye Chemba ya Kimataifa ya Biashara, na Washington, kwenye kituo cha Benki ya Dunia kinachoamua ugomvi kati ya wawekezaji na mataifa.

Wanahisa wadogo walipokeaje mambo haya? Kwanza waligawanyika juu ya nani wa kumkasirikia. Kundi moja lilielekeza hasira Kinshasa: serikali inayotoa kwa mkono wa kuume na kunyang'anya kwa wa kushoto. Wengine waliona mkono wa Zijin tu. Kundi la tatu liligeukia viongozi wa kampuni yenyewe, na mwaka wa 2023 lilitaka kubadilisha wakurugenzi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kujibu: kama ugomvi wa umiliki ulikuwepo tangu 2021, kwa nini bei iliachwa ipande kama vile mali yote iko sandukuni?

Mimi naona hoja hiyo ina uzito. Lakini na mwanahisa ana sehemu yake. Habari za Cominière na Dathomir hazikufichwa chini ya kitanda. Zilikuwa zinasomeka kwa mtu aliyetaka kusoma. Tatizo ni kwamba bei ikipanda kila juma, nani anafungua karatasi za CAMI? Watu walipima jiwe, wakasahau kupima hati. Na katika Kongo hatari haiko chini ya ardhi. Iko ofisini.

Kilichowauma zaidi, nadhani, ni kufungiwa. Mwenye hisa za kampuni nyingine ya litiamu aliweza kuuza wakati wowote. Bei ya litiamu huko China iliendelea kupanda mpaka ikakaribia yuan laki sita kwa tani mwezi wa Novemba 2022. Mwisho wa 2023 ilikuwa imeanguka ikafika karibu na laki moja. Wa AVZ walitazama bei ikipanda, wakatazama ikishuka, na mlango umefungwa. Hakuna hasara ya kuandika wala faida ya kuchukua. Mtu anakuwa kama aliyeacha ng'ombe wake kwa jirani mwenye kesi: ng'ombe yuko hai, anamwona kwa mbali, kumkamua haruhusiwi.

Wazee wa kwetu wakisikia habari kama hii wanataja Bindo, ule mchezo wa feza wa Kinshasa uliomeza akiba za watu mwaka wa 1991. Kulinganisha hivyo si haki. Bindo haikuwa na kitu nyuma yake. Manono ina jiwe, na wala hakuna anayebisha juu ya hilo. Wanabishana juu ya jina la mwenyewe tu.

Kuna wengine walioweka tumaini lao bila kununua hisa hata moja. AVZ iliahidi kufufua kituo cha umeme cha Mpiana-Mwanga, kutengeneza barabara ya kupeleka mzigo mpaka reli ya Kabondo Dianda, na kutoa kazi. Vijana wa Manono walingoja matangazo yaleyale waliyongoja watu wa Perth. Tofauti ni kwamba wa Perth wana mkutano mkuu mara moja kwa mwaka, wanasimama na kuuliza. Mkaaji wa Manono amuulize nani? Kanuni ya migodi ya 2018 inasema kodi ya mrabaha igawanywe hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 eneo la mgodi wenyewe, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Inaongeza asilimia 0,3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Ni maneno mazuri, na yote yanaanza kuhesabiwa siku tani ya kwanza inapouzwa. Kila mwaka wa kesi ni mwaka wa sifuri kwa Manono.

Mwaka wa 2025 mlango mdogo ukafunguka. KoBold Metals, kampuni ya Marekani yenye feza za Bill Gates na Jeff Bezos ndani yake, ilitangaza mwezi wa Mei kwamba imekubaliana na AVZ juu ya namna ya kununua sehemu yake ili ugomvi uishe, na Julai ikatia saini makubaliano ya kanuni na serikali ya Kongo. Wanahisa wengi walipumua. Lakini waliwahi kupumua hivyo Septemba 2021. Makubaliano ya kanuni si hati, na bado hisa zao hazina soko la kuuzia. Safari hii, badala ya kutazama bei, wenye akili miongoni mwao wanauliza kitu kimoja tu: CAMI imeandika jina la nani?