Jani moja, majina matatu

Likizo iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari karibu na soko la Katangi, huku Yatta. Mada niliyopewa ilikuwa "Vijana na Mihadarati". Nilipomaliza, mvulana wa kidato cha tatu alisimama akaniuliza: "Mwalimu, umetaja heroini, kokeini, bangi na miraa kwa mkupuo mmoja. Mbona muguka unauzwa pale sokoni mchana, karibu na muuza nyanya, na askari anapita tu?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lilikuwa zito kuliko hotuba yangu.

Neno "mihadarati" tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni vitu vinavyotia ganzi. Laifaa sana afyuni, ambayo wazee wetu waliiita kasumba, pamoja na heroini itokanayo nayo. Lakini miraa haitii ganzi. Humchangamsha mlaji na kumnyima usingizi. "Dawa za kulevya" nayo ina kasoro yake, kwa kuwa pombe hulevya ilhali haimo katika mikataba ya kimataifa ya dawa hizo. Tumevitia vitu vingi katika kapu moja. Kijana aonaye jirani yake akitafuna muguka kila Jumamosi na kuamka salama huenda akadhani kwamba tuliyomwambia kuhusu heroini nayo ni porojo. Hapo ndipo penye hatari.

Utata huu haukuanzia Katangi. Ushirikiano wa mataifa katika jambo hili umejengwa juu ya mikataba mitatu ya Umoja wa Mataifa: ule wa 1961 uhusuo afyuni, koka na bangi, ule wa 1971 uhusuo kemikali ziathirizo akili, na ule wa 1988 dhidi ya ulanguzi. Kathinoni, kemikali iliyomo katika miraa mbichi, imewekwa katika orodha kali kabisa ya mkataba wa 1971. Mti wenyewe haumo. Mwaka 2006 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliuchunguza wakaona hapana haja ya kuuweka chini ya udhibiti wa kimataifa.

Basi kila nchi ikajiamulia. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, japo baraza lake lenyewe la ushauri lilikuwa limependekeza vinginevyo. Kenya nayo, mwaka 2016, ikaiingiza miraa kisheria miongoni mwa mazao ya biashara. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, Serikali ya Kitaifa ikapinga, na Mahakama Kuu ya Embu ikasitisha amri za Mombasa na Kilifi. Jani moja, basi, ni zao Embu, ni sumu Mombasa, na ni hatia London. Mvulana wa Katangi ana kila sababu ya kuuliza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba miraa haina madhara. Mwalimu yeyote amemwona mwanafunzi asiyelala usiku na asiyesikia lolote asubuhi. Nisemalo ni kwamba ushirikiano hufaulu pale ambapo wote wanakitambua kitu kimoja kwa jina moja. Julai 2014 meli Amin Darya ilikamatwa katika maji ya Kenya, na mamia ya kilo za heroini yakagunduliwa ndani yake. Mwezi uliofuata serikali iliilipua baharini. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, waliokamatwa Mombasa mwaka huo huo, walipelekwa Marekani mwaka 2017, na mahakama ya New York ikawafunga miaka 25 na 23. Hapakuwa na mzozo wa maana ya heroini baina ya Nairobi na New York.

Kuhusu majani yetu, hata hivyo, tumekuwa wasikilizaji zaidi ya wasemaji. Bolivia haikukubali hivyo. Ilijitoa katika mkataba wa 1961, kisha mwaka 2013 ikarejea kwa sharti kwamba raia wake wataendelea kutafuna majani ya koka kama walivyofanya mababu zao. Mtu aweza kupinga uamuzi huo, lakini hawezi kusema kwamba Bolivia haikueleza msimamo wake.

Katiba yetu ya 2010 yasema kwamba mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Yasema pia kwamba Kiswahili ni lugha rasmi. Hata hivyo, nakala rasmi za mikataba hii zimeandikwa kwa Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, na ule wa 1988 ukaongezewa Kiarabu. Mkulima wa Mbeere na mwalimu wa Yatta wanafungwa na maneno wasiyoweza kuyasoma kwa lugha yao ya taifa. Kuyafasiri kwa makini ni kazi ya serikali na ya sisi wa vyuo vikuu, na tumeichelewesha mno.

Mwalimu wa darasani naye asingoje. Aeleze kwamba mofini hutuliza maumivu ya mgonjwa wa saratani, na kwamba heroini hutengenezwa kwa mofini hiyo hiyo. Aeleze kwamba methadoni, iliyoanza kutolewa nchini mwishoni mwa 2014 kuwatibu watumwa wa heroini, nayo imo katika orodha ya 1961. Aeleze kipi huua upesi, kipi hufilisi polepole, na kipi sheria yetu inakiruhusu na kwa nini.

Mvulana yule nilimjibu hivi: "Nimekosea kuvitaja vyote kwa mkupuo mmoja. Tuanze upya, kimoja kimoja." Kengele ya chakula ililia, na hakuna aliyeondoka.