Miwani ya Jua: Weusi wa Lenzi na Ukweli wa Jina

Mji wa Same umelala chini ya milima ya Pare, upande usiobahatika kupata mvua nyingi. Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi hupanda milima kutoka mashariki, huacha maji yake huko juu penye msitu wa Chome, kisha hushuka magharibi ukiwa mkavu. Kwa hiyo mchana wa Same huwa mweupe na mkali, na vumbi la udongo mkavu huongeza adha machoni. Mji huu uko karibu nyuzi 4 kusini ya Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Si ajabu basi kwamba dereva wa bodaboda, mwalimu na mwanafunzi wote hutamani miwani ya jua.

Zamani mnunuzi aliishika miwani mkononi, akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha mchuuzi, ndipo akapatana bei. Siku hizi wengi huiona picha tu katika simu. Muuzaji yuko Dar es Salaam au Arusha. Malipo hupelekwa kwa simu. Kifurushi hufika kwa basi. Katika picha huonekana jina kubwa la kigeni, na bei yake ni sehemu ndogo ya ile inayotozwa na duka la mwenye jina. Hapo huzuka maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza: je, miwani hii ni ya kiwanda ambacho jina lake limeandikwa? La pili: je, italinda macho? Jibu la moja si jibu la lingine, na hatari kubwa hutokana na kudhani kuwa ni swali moja.

Inafaa kuanza na la pili, kwa kuwa jicho haliuzwi dukani. Mwanga wa jua unaoonekana huanza kwenye urujuani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 400, na kuishia kwenye wekundu wa karibu nanomita 700. Chini ya nanomita 400 ipo mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni. Mionzi hii ikizidi huweza kuunguza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Na ikipokelewa kwa miaka mingi huchangia mtoto wa jicho, pamoja na ile nyama inayoota juu ya weupe wa jicho ikielekea kwenye mboni. Katika nchi za tropiki tabaka la ozoni ni jembamba kuliko katika nchi za mbali na Ikweta, na jua husimama juu zaidi. Tena mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Anayetoka uwanda wa Same na kufika kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, hupanda zaidi ya mita 1,500. Ubaridi wa huko na mawingu mepesi humfanya asahau jua, lakini mionzi haipimwi kwa joto.

Sasa lenzi nyeusi hufanya nini? Weusi wake hupunguza mwanga unaoonekana, wala si lazima upunguze urujuanimno. Rangi na mchujo wa urujuanimno ni mambo mawili tofauti. Plastiki iitwayo polikaboneti hufyonza sehemu kubwa sana ya mionzi hiyo hata ikiwa angavu kama maji. Akriliki isiyotiwa dawa ya kuchuja huweza kuipitisha kwa wingi hata ikiwa nyeusi. Kioo cha kawaida huzuia mawimbi mafupi, lakini huruhusu sehemu ya yale marefu yaliyo karibu na urujuani.

Mboni nayo ina kanuni yake. Katika mwanga mkali hujifinya, gizani hutanuka. Kipenyo chake kikiongezeka kutoka milimita 2 hadi milimita 4, eneo lake huongezeka mara nne, kama mwanafunzi yeyote anavyoweza kuthibitisha kwa kanuni ya eneo la duara. Ichukuliwe miwani nyeusi inayopitisha nusu ya urujuanimno. Nusu ya mionzi ikipita katika mlango uliopanuka mara nne, kiasi kinachopita kwenye mboni ni mara mbili ya kile ambacho kingepita bila miwani. Hesabu hii ni ya mfano tu, kwa kuwa konea na kope nazo zina kazi zake. Hata hivyo yaonyesha namna miwani mbaya inavyoweza kuwa na madhara kuliko kukosa miwani. Asiye na miwani hufinya macho na kuvuta kofia mbele. Aliyevaa lenzi nyeusi hukodoa macho kwa raha.

Hata hivyo haki itendeke. Vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali vimeonyesha mara nyingi kwamba miwani ya bei ndogo huzuia urujuanimno vizuri, maana plastiki yenyewe hufanya kazi hiyo. Bei si kipimo. Miwani ya bei nafuu isiyojidai jina la mtu huweza kuwa salama kabisa, na miwani ya kughushi huweza kuwa salama au isiwe. Tofauti ni kwamba aliyeghushi jina amekwisha kusema uongo mmoja. Maandishi mengine aliyoyabandika, kama vile UV400, hayana wa kuyatolea dhamana.

Turudi kwenye swali la kwanza, la jina. Mfano mzuri ni Ray-Ban, mojawapo ya majina yanayoghushiwa sana duniani. Lilianzishwa na kampuni ya Marekani ya Bausch & Lomb katika miaka ya 1930, na mwaka 1999 likauzwa kwa Luxottica ya Italia. Miwani za kisasa za jina hilo kwa kawaida huwa na herufi RB ndogo mno zilizochongwa katika lenzi karibu na bawaba. Zile za kabla ya mauzo hayo zilikuwa na BL. Ndani ya mkono wa miwani huandikwa namba ya aina, namba ya rangi na vipimo. Kwa mfano, 58 na 14 maana yake ni lenzi yenye upana wa milimita 58 na daraja la pua la milimita 14. Mnunuzi mwenye rula anaweza kupima mwenyewe. Pengine hufuata alama kama 3N: tarakimu 3 ni daraja la weusi, yaani lenzi inapitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga unaoonekana. Daraja la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu, na halifai kwa anayeendesha chombo barabarani. Dereva wa bodaboda azingatie hilo kabla ya kusifu weusi.

Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe picha mpya ya maandishi hayo ya ndani pamoja na bawaba, ikiwezekana juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Mwenye bidhaa mkononi hashindwi. Aliyenakili picha za tangazo la kiwanda huanza kutoa visingizio. Namba ya aina ikipatikana, ilinganishwe na orodha ya kiwanda chenyewe: je, aina hiyo hutengenezwa kwa rangi hiyo na kwa ukubwa huo?

Lakini hapa walimu wa hisabati watatambua jambo wanalolifundisha kila mwaka, yaani tofauti kati ya sharti la lazima na sharti linalotosha. Alama zikikosekana au kupingana, shaka ni kubwa. Alama zikiwepo zote, bado hazithibitishi kitu, maana anayeweza kuchonga fremu anaweza kuchonga herufi mbili. Maneno ya kutaja nchi ya Italia nayo hayaamui. Hata wenye jina wana viwanda katika nchi zaidi ya moja.

Aliyekwisha kudanganywa asinyamaze. Tanzania inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa za kughushi. Ujumbe wa simu, risiti ya malipo na stakabadhi ya kifurushi ni ushahidi, visifutwe.

Kifurushi kikiisha kufika, maabara ya shule inatosha kwa majaribio mawili. La kwanza ni la wale walionunua miwani iliyoandikwa neno Polarized. Lenzi ya aina hiyo huruhusu mwanga unaotikisika katika mwelekeo mmoja, na kioo cha kikokotoo cha kawaida hutoa mwanga wa namna hiyo hiyo. Kikokotoo kitazamwe kupitia lenzi, kisha lenzi izungushwe polepole robo mzunguko. Tarakimu zikizama gizani katika pembe fulani, neno lile ni la kweli. Zisipobadilika, ni la uongo. Jaribio hili halisemi lolote juu ya urujuanimno.

La pili linahitaji taa ya kukagulia noti, ile iliyo mezani kwa mawakala wengi wa fedha. Noti zina alama zinazong'aa zikipigwa na urujuanimno. Taa ya nanomita 365 inafaa zaidi. Ya 395 iko ukingoni mwa mwanga unaoonekana na huweza kupotosha. Katika chumba chenye giza kidogo, taa imulike noti, na lenzi iwekwe kati ya taa na noti. Mtazamaji aiangalie noti kwa ubavuni, si kupitia lenzi, wala asiitazame taa yenyewe. Halafu miwani ibadilishwe, iwekwe ile angavu ya polikaboneti inayovaliwa maabara kukinga macho dhidi ya kemikali, ili kulinganisha. Chini ya miwani hiyo isiyo na rangi hata kidogo, alama za noti huzimika. Chini ya lenzi nyeusi isiyo na mchujo, zitaendelea kung'aa.